KABURETA KUBWA SIO MBIO: Stori ya Kifaa Kinachowatoa Jasho Wapenzi wa Magari ya Zamani

Ukipita mitandaoni siku hizi lazima ukutane nao: vijana wenye Datsun na Ford za miaka ya 70, boneti iko juu, kabureta zinang'aa kama sufuria mpya, na mlio unaofanya mtaa mzima ugeuke. Likes kibao. Kisichoonekana kwenye video ni kwamba wengine wao, kamera ikizimwa, wanaanza kusukuma.

Tatizo mara nyingi si gari kuwa kuukuu. Ni kabureta iliyochaguliwa kwa macho. Na stori hii ni ndefu kuliko watu wanavyodhani.

Turudi hadi mwaka 1893. Mainjinia wawili wa Hungary waliomba hataza ya kabureta inayonyunyiza petroli kwenye hewa. Inasimuliwa kuwa wazo walilipata baada ya kumuona muuza maua akipulizia maua yake maji kwa mdomo. Iwe kweli au chumvi, kanuni ni hiyo hiyo hadi leo. Injini inavuta hewa, hewa inapita kwenye koo jembamba, ikibanwa inakwenda kasi, na pale penye kasi mgandamizo unashuka. Petroli inavutwa kupitia kitundu kidogo kiitwacho jeti, inachanganyika na hewa, inaingia kwenye silinda. Basi. Hakuna kompyuta, hakuna sensa.

Shika hapo kwenye "koo jembamba", maana ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, petroli ilikuwa ghali Italia. Jamaa mmoja aliyewahi kufanya kazi Fiat alijipatia riziki mjini Bologna kwa kuuza vifaa vya kuwezesha malori kutumia mafuta ya taa. Mwaka 1923 akafungua kiwanda cha kabureta, akauza seti za kubadilishia kwenye magari ya Fiat. Yaani tangu mwanzo, biashara yake ilikuwa hii hii ya kutoa ya kiwandani na kuweka bora zaidi. Jina lake la ukoo likawa chapa: Weber.

Ujanja wake mkubwa ulikuwa kabureta yenye makoo mawili yasiyolingana. Dogo linafanya kazi ukiwa unatembea taratibu, kubwa linafunguka ukikanyaga. Wese linabaki mjini, nguvu zinabaki barabara kuu. Miaka ya 1930 akatengeneza pia za mashindano, makoo yote saizi moja, kila silinda na koo lake. Mwaka 1945, vita vikiwa vinaisha, akatoweka na hakuonekana tena. Mwaka 1952 Fiat ikachukua usukani wa kampuni. Mwenyewe hakuwahi kuona jinsi jina lake lilivyokuja kuabudiwa na watu wa magari dunia nzima.

Sasa tuje huku kwetu. Mwaka 1970, Safari Rally ya Afrika Mashariki ilichukuliwa na Datsun 1600 SSS. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,595, ya ukoo mmoja na ile ya Datsun 1600 ya kawaida. Kwenye takwimu za masoko ya nje, ya kawaida yenye kabureta moja ilitajwa kuwa na nguvu za farasi takriban 96. SSS yenye kabureta mbili ilitajwa kuwa na takriban 109.

Wengi wakisikia hivyo wanaruka moja kwa moja: "Aah, kumbe kabureta mbili zinaongeza farasi 13!" Taratibu. SSS ilikuwa pia na mgandamizo mkubwa zaidi kwenye silinda na kemu tofauti. Kiwanda hakikubadilisha kabureta peke yake, kilibadilisha injini nzima ili iweze kuzitumia hizo kabureta. Hilo ndilo somo ambalo video za sekunde 30 haziwezi kukufundisha.

Piga hesabu ndogo. Injini ya lita 1.6 inavuta hewa mara moja kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, inavuta lita 4,800 kwa dakika, tena hapo ni ikijaza silinda kikamilifu, jambo ambalo injini ya kawaida haifanyi. Ukiiwekea koo la gari la mashindano, hewa inapita kivivu. Kasi ikipungua, mgandamizo haushuki vya kutosha, jeti haitoi petroli inavyotakiwa. Ndipo gari linapopiga chafya ukikanyaga, linamisi kwenye foleni, na linakunywa mafuta kama linalipiwa na serikali. Wahenga walishasema: ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.

Kwa gari la silinda nne la kutembelea kila siku, chaguo lililojijengea heshima kwa miaka mingi ni Weber 32/36. Tundu la kwanza lina mm 32, la pili mm 36, na linafunguka baadaye. Ford waliitumia kiwandani kwenye baadhi ya magari yao. Zile ndefu za kulala ubavu, DCOE za 40 na 45, zinapendeza kwenye picha. Lakini zinataka manifoldi yake, kemu yake, na fundi mwenye subira ya kuzilinganisha zivute sawa. Tena namba 40 si saizi ya koo. Ndani yake koo linabadilishwa, na kwa injini ya 1600 ya barabarani watu huanzia mm 30 hivi.

Kufunga kwenyewe kuna hatua ambazo ukiziruka utalia. Kwanza pima injini: mgandamizo wa kila silinda, nafasi za valvu, plagi, taimingi. Kabureta mpya haifufui injini iliyochoka. Pili, tumia gasketi mpya na hakikisha hakuna hewa inayopenya pembeni. Tatu, injini ikiwa imezimwa, mtu akanyage eksileta hadi mwisho huku wewe ukiangalia juu. Je, kabureta inafunguka yote? Akiachia, inarudi yenyewe? Isiporudi, usiwashe gari.

Nne, na hapa hakuna utani: presha ya mafuta. Weber ya aina hii inataka psi 3 hadi 3.5 tu. Ukiifungia pampu ya umeme iliyotoka kwenye gari la injeksheni, presha inaishinda ile sindano inayozuia mafuta, boya linazidiwa, petroli inamwagika juu ya manifoldi yenye moto. Gari la babu lililodumu miaka 50 linaweza kuteketea kwa dakika chache. Kidhibiti presha ni kitu kidogo ukilinganisha na hasara hiyo.

Mwisho ni kutuni. Skurubu ya mchanganyiko inaanzia mizunguko miwili nje. Ikibidi uifungue zaidi ya miwili na nusu ndipo gari litulie, jeti ya mwendo wa chini ni ndogo mno. Plagi nazo hazidanganyi: nyeusi yenye masizi, mafuta yamezidi, nyeupe kabisa, mafuta ni pungufu na pistoni iko hatarini. Na kumbuka mwinuko. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar au Mombasa. Gari lililotuniwa pwani likipanda huko, mchanganyiko unakuwa mzito. Madereva wa Safari walilijua hilo vizuri, maana njia yao ilipita pwani na milimani humo humo.

Jambo moja zaidi. Kabureta ya zamani usimpe muuza chuma chakavu. Isafishe, ifunge kwenye gazeti, iweke stoo. Nakala za bei chee zimejaa sokoni, jeti zake hazitabiriki, lakini ile ya kiwandani ilipimwa kwa ajili ya injini hiyo hiyo. Wapo waliozunguka kote, wakatumia hela ndefu, halafu wakairudisha ya kwanza ikiwa na gasketi mpya, na gari likatulia tuli.

Je, mkweche wa mzee nyumbani unatumia kabureta gani, na ungeibadilisha au ungeiacha? Dondosha komenti hapo chini.