Shati la Soo Mbili na Bahasha ya Guka

Wikendi iliyopita niliingia Gikomba nikatoka na shati safi la soo mbili. Nikampelekea guka alione, nikijua atanisifu. Akaligeuza, akaangalia mshono, akasoma lebo, akanirudishia. "Ni zuri," akasema. "Hizi ndizo zilitutoa kazini."

Guka alikuwa mfumaji kwenye kiwanda kimoja cha nguo huko Thika. Miaka ya tisini mashine zikanyamaza, akapewa bahasha na kuambiwa aende nyumbani. Alikuwa na miaka 44. Hakuna mtu wa serikali aliyekuja kumuuliza, "Sasa mzee, utafanya nini?"

Mimi nilidhani dunia yote ndivyo inaenda. Kumbe kuna nchi iliyowahi kuuliza hilo swali. Lakini usishangilie bado.

Turudi 1962, Marekani. Rais Kennedy anataka kupunguza ushuru ili biashara na nchi zingine ipanuke, na anajua kuna viwanda vitaumia. Kwa hivyo ndani ya sheria ya biashara ya mwaka huo anaweka ahadi: ukipoteza kazi kwa sababu ya bidhaa kutoka nje, serikali itakulipa posho na kukufundisha kazi nyingine. Wazo hilo lilikuwa limeletwa 1954 na David McDonald, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa chuma. Hoja ni rahisi. Bei ikishuka, nchi nzima inafaidika kidogo kidogo, lakini hasara inabebwa na watu wachache, tena yote kwa mpigo. Basi wale wengi wawashike mkono hao wachache.

Poa, si ndio? Sasa sikia. Kutoka 1962 mpaka Novemba 1969, hakuna ombi hata moja la wafanyakazi lililokubaliwa. Miaka saba! Ilibidi uthibitishe kwamba bidhaa za nje ziliongezeka hasa kwa sababu ushuru ulipunguzwa, na kwamba hizo ndizo zilikuwa chanzo kikuu cha wewe kukosa kazi. Mfumaji atatoa wapi ushahidi kama huo? Ni kama kuambiwa ulete risiti ya mvua iliyokunyeshea.

Sheria mpya ya 1974 ikalegeza kamba. Sasa ilitosha kuonyesha kwamba bidhaa za nje zilichangia pakubwa, na wafanyakazi watatu tu wangeweza kupeleka ombi. Ilipofika 1980, magari ya Japani yamebana viwanda vya magari vya Marekani, mpango ukatumia karibu dola bilioni 1.6. Mwaka uliofuata Reagan akaingia na makasi. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa na jina lao la mpango huo: bima ya mazishi. Yaani pesa inakuja ukishakufa.

Sasa twende Kannapolis, mji mdogo wa North Carolina ulioishi kwa taulo na shuka. Tarehe 30 Julai 2003, kampuni ya Pillowtex ilifunga. Zaidi ya watu 4,000 wa jimbo hilo walipoteza kazi siku moja. Wengi wao hawakuwa wamemaliza shule ya upili, kwa sababu kiwanda hakikuwahi kuwauliza cheti. Mpango ule ukawarudisha darasani kwenye chuo cha karibu. Hebu fikiria mama wa miaka 50, aliyekunja taulo maisha yake yote, anashika kalamu tena. Kwa wenye miaka 50 kwenda juu kulikuwa na njia nyingine pia: ukipata kazi yenye mshahara mdogo kuliko wa zamani, serikali inakuongezea nusu ya tofauti, mpaka dola 10,000 kwa miaka miwili.

Je, ilisaidia? Watafiti hawakubaliani. Tathmini kubwa ya 2012 ilisema walioingia kwenye mpango walikuwa bado wanapata pesa kidogo kuliko wenzao baada ya miaka minne. Mchumi Benjamin Hyman naye akakuta kwamba kwa miaka kumi, waliosaidiwa walipata takriban dola 50,000 zaidi. Halafu tarehe 1 Julai 2022 muda wa sheria ukaisha, Bunge lao halikuiongeza, na maombi mapya yakafungiwa mlango.

Na sisi? Tulifungua soko mwanzoni mwa miaka ya tisini na mitumba ikaingia kwa wingi. Sitaki kudanganya mtu: mitumba haikuua viwanda peke yake. Pamba ilikuwa imeanguka, na usimamizi mbovu ulikuwepo. Lakini Kicomi ya Kisumu ilifunga. Rivatex ya Eldoret nayo ilianguka, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi 2007, na 2019 ikazinduliwa upya na mashine mpya. Kufufua mashine tulijua. Watu je? Sheria yetu ya ajira ya 2007 inasema ukiondolewa kwa sababu kazi yako haihitajiki tena, mwajiri akulipe angalau siku 15 kwa kila mwaka uliofanya kazi. Mwajiri, si serikali. Na mwajiri akifilisika, unapanga foleni na wanaomdai.

Sisemi mitumba ipigwe marufuku. Nimeivaa nikiandika hii, na Gikomba inalisha familia nyingi sana. Ninachosema ni kwamba Marekani, pamoja na ubahili wao wote, walikubali kwamba mlango ukifunguliwa kuna mtu ataangukiwa nao, na huyo mtu anadai. Sisi hata hilo deni hatujaliandika. Na bado tunafungua milango: Julai 2024 mkataba wetu wa biashara na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika, na ushuru wa bidhaa zao nyingi utaendelea kushuka polepole. Huenda ni mkataba mzuri. Lakini nani amehesabu watakaoumia, na wametengewa nini?

Nilimuuliza guka bahasha yake ilikuwa na pesa ngapi. Akacheka. "Zilifika Desemba."

Kama kwenu kuna mzee aliyefanya kazi kiwandani, muulize yake ilifika mwezi gani. Kisha uniambie hapo chini.