Munkoyo: utamu wa bila sukari

Hapa Lubumbashi, mutu akisema «munkoyo» anaweza kutaja vitu viwili: kinywaji cha unga wa mahindi, ao muzizi wenyewe unaokitengeneza. Jina ni moja, na si bure. Bila muzizi kunabaki uji tu.

Walamba na Wabemba wanaujua pande zote mbili za mpaka wa Kongo na Zambia. Mahindi yenyewe si ya asili kwetu, yalitoka Amerika. Mbele yake wababu walikuwa na mtama na ulezi. Muzizi njo wa hapa. Unatoka ku mimea ya jamaa ya maharagi, kama vile Eminia na Rhynchosia, inayoota mu pori ya miombo. Profesa François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi mu chuo kikuu chetu, alitoa mu 1997 kitabu kizima juu ya vyakula vya pori hii.

Kazi ni hivi. Mama anapika uji muzito, anauacha upoe mpaka kidole kinaweza kuvumilia, kiisha anatia muzizi uliopondwa na kukoroga. Hapo njo ajabu: kwa muda mufupi uji unalegea, unakuwa majimaji, na unaanza kuwa mutamu. Hakuna mutu aliyetia sukari. Ndani ya muzizi muna vimeng'enya vinavyokata wanga wa mahindi na kuugeuza sukari. Uji ukiwa moto sana, nguvu ile inakufa. Ukipoa kabisa, inafanya kazi polepole mno. Wamama wetu walipima joto ile na mukono, mbele ya mutu yeyote kuieleza mu vitabu. Munkoyo mupya unafaa hata watoto. Ukikaa siku, unaanza kuwa mukali, na hapo wakubwa njo wanaukumbuka!

Union Minière ilianza mu 1906, mji wa Élisabethville mu 1910. Wanaume waliletwa toka Rhodesia ya Kaskazini, toka Kasai na kwingine. Toka 1928 kampuni ilitaka mufanyakazi aishi na bibi yake mu kambi, na poso ilikuwa pamoja na unga wa mahindi. Kwa maoni yangu, hapo munkoyo uliacha kuwa wa kijiji kimoja na ukakuwa wa mji: unga wa kampuni, muzizi wa pori, na wamama wa makabila mengi wakifundishana ku mulango.

Sasa pori inarudi nyuma kila mwaka kwa ajili ya makala, na muzizi unatafutwa mbali. Kwa hiyo wauzaji wengine wanaongeza maji mu uji na kumimina sukari. Ni mutamu, ndiyo, lakini sukari ile inaficha kwamba muzizi haukufanya kazi, ao haukuwamo. Mutoto aliyezoea ule hatajua tofauti. Munkoyo wa kweli una harufu ya muzizi, kidogo kama ya udongo baada ya mvua, na utamu wake unakuja polepole ku ulimi.