Siti binti Saad na Sahani za Bombay

Mara nyingi twadhani ya kuwa lugha hutengenezwa na kamati na makamusi peke yake. Mwaka 1928 watupa sababu ya kufikiri tena. Katika mwaka huo mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule. Mwaka uo huo, mwezi wa Machi, mwanamke wa Unguja asiyejua kusoma wala kuandika alivuka bahari mpaka Bombay pamoja na wapigaji wake, akakitia Kiunguja hicho katika sahani za santuri.

Mwanamke huyo ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880. Babaye Mnyamwezi, mamaye Mzigua, watu wa asili ya utumwa, naye jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu, akavichukua mjini kwa miguu, akivinadi njiani. Na hiyo ndiyo chuo ya kwanza ya sauti yake. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alilipata baadaye.

Taarabu ilikuwa imeingia Unguja kwa mlango wa jumba la Sultani. Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alimpeleka mtu Misri kujifunza muziki. Na chama cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kiliimba kwa Kiarabu. Basi waliosikiliza wengi hawakufahamu maneno. Siti aliijua desturi hiyo ya zamani, wala hakuitupa. Lakini aliitia maneno ya Kiswahili, hata mchukuzi na mpishi wakaelewa sawasawa na mwenyeji wa jumba.

Katika nyimbo zake zimo za mapenzi na sifa, kwa mtindo wa kale. Zimo pia za mambo yaliyotokea mjini siku zile zile. Wimbo wa Kijiti ni mfano. Wahusu mtu aliyemwua mwanamke, akatorokea bara. Nao wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliofungwa, kwa kosa la pombe. Hukumu ilikwisha kutolewa, na maskini hawakuwa na mahali pa kukata rufani. Wimbo ukawa ndio baraza yao. Atakaye kujua watu wa Ng'ambo waliionaje haki ya mahakama, hataona jambo hilo katika daftari za karani. Ataliona katika wimbo.

Siti alifariki mwezi wa Julai 1950, na Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliendelea kuuimba wimbo wa Kijiti hata uzeeni. Lakini sahani huvunjika, na wazee hufa.

Kwa hiyo sisi walimu na wachungaji, tuliozoea kuziacha nyimbo za ngoma na taarabu kama mambo ya upuzi, yatupasa kujiuliza. Waliotutangulia walikisikiliza Kiunguja kwa bidii ili wapate kutafsiri Maandiko. Je, sisi tutakisikiliza pale kinapolia na kushitaki? Mzee akikumbuka wimbo, tuuandike maneno yake kama ayatamkavyo, pamoja na kisa chake. Maana wimbo usio na kisa ni ushahidi usio na shahidi.