Bastola ya kubebwa kila siku: Uhakika wake hupimwaje?

BASTOLA inayobebwa kiunoni kila siku yaweza kukaa miaka bila kufyatuliwa kwa haja ya kweli. Siku haja ikitokea, mbebaji hana nafasi ya kuijaribu tena. Hata hivyo, kukataa kufyatuka inapotakiwa ni nusu tu ya hatari. Nusu ya pili ni kufyatuka isipotakiwa, pengine sebuleni mbele ya watoto.

Nchini Marekani, ambako raia wengi hubeba silaha za aina hiyo, jimbo la California ni miongoni mwa machache yaliyoandika kipimo chake katika sheria. Tangu Januari 1, 2001, bastola 3 za muundo mmoja hupelekwa maabara, na kila moja hufyatua risasi 600. Risasi 20 za mwanzo lazima zipite bila hitilafu. Katika zote 600, hitilafu zisizidi 6. Hitilafu ni risasi kushindwa kuingia chemba, kutofyatuka, au ganda kutotoka. Kisha bastola huangushwa katika mikao 6 juu ya zege, kutoka kimo cha takriban mita 1, na fataki haitakiwi kulipuka.

Kwa hesabu hiyo, bastola inayokwama mara 1 katika kila risasi 100 imefaulu. Kwa mtu anayeitegemea kuokoa maisha yake, hicho si kiwango cha kujivunia. Isitoshe, zilizopimwa ni zile 3, wala si ile iliyo mkononi mwa mnunuzi.

Ndiyo maana wakufunzi husisitiza kila mmiliki aipime ya kwake. Idadi inayotajwa mara nyingi ni risasi 200. Lakini bastola yenye kasoro ya 1 kwa 100 bado ina nafasi ya takriban asilimia 13 ya kumaliza risasi 200 bila kukwama hata mara moja. Kwa risasi 500, nafasi hiyo hushuka chini ya asilimia 1. Gharama ya risasi, bila shaka, ndiyo huwafanya wengi waishie njiani.

Wazee wa kazi hiyo hawakubania risasi. Kabla jeshi la Marekani halijaikubali bastola ya John Browning mnamo Machi 29, 1911, risasi 6,000 zilifyatuliwa kutoka bastola moja kwa siku 2. Ilipopata moto ilitumbukizwa majini. Haikukwama, ilhali mshindani wake, Savage, alipata hitilafu 37.

Vipimo navyo vina mipaka yake. Januari 2017 jeshi hilo lilichagua bastola ya SIG Sauer P320. Agosti mwaka huohuo, baada ya majaribio kuonyesha kuwa toleo la kiraia lingeweza kufyatuka likianguka kwa pembe fulani, kampuni ilitangaza marekebisho ya bure kwa hiari ya wamiliki, huku ikisema silaha hiyo ilitimiza viwango vya usalama vya Marekani. Pembe hiyo haikuwa miongoni mwa zile zilizozoeleka kupimwa.

Aina ya risasi nayo ina uzito wake. Bastola isiyokwama kwa risasi za mazoezi zenye ncha ya mviringo yaweza kukwama kwa zile zenye ncha iliyotobolewa, ambazo ndizo hubebwa kwa kujilinda. Kwa hiyo jaribio lazima lihusishe risasi zilezile zitakazobebwa, pamoja na kila magazini, kwani springi iliyochoka au midomo ya magazini iliyopinda ni chanzo cha kawaida cha kukwama.

Kubeba kwenyewe huongeza adha: jasho huleta kutu, nyuzi za nguo huingia ndani, mafuta hukauka. Na risasi ileile inapotolewa na kurudishwa chembani kila jioni, kichwa chake hudidimia polepole ndani ya ganda, na shinikizo la baruti hupanda linapofyatuliwa. Risasi iliyofupika hivyo hutupwa, hata kama inang'aa kama mpya.