Don Garlits na Gharama ya Robo Maili

Machi 8, 1970, katika uwanja wa Lions karibu na Long Beach, California, giaboksi aliyoibuni Don Garlits mwenyewe ililipuka gari likiwa ndiyo kwanza linaondoka. Gari lilikatika vipande viwili, na dereva akapoteza sehemu ya mbele ya mguu wa kulia. Alikuwa na umri wa miaka 38, mkongwe tayari, na mashabiki walimjua kwa jina la Big Daddy. Historia ya mbio za robo maili husimuliwa zaidi kwa vikombe na rekodi. Mimi naona inaeleweka vizuri zaidi ukianzia kwenye mguu huo.

Mbio zenyewe hazina mizunguko: magari mawili, mstari mnyoofu, robo maili, yaani mita 402. Vijana wa California walizianza kwenye maziwa yaliyokauka na katika barabara za mitaani, mpaka Wally Parks alipounda chama cha NHRA mwaka 1951 ili washindane mahali salama. Garlits alitoka upande wa pili wa nchi, Tampa, Florida. Magari yake aliyajenga mwenyewe, akayapa yote jina moja, Swamp Rat, kila moja na namba yake. Mwaka 1964 alivuka maili 200 kwa saa, takriban kilomita 322.

Mwaka huohuo viwanda vya magari vya Detroit navyo vilichangamka. Kampuni ya Pontiac ilichukua gari la wastani, Tempest, ikalitia injini ya lita 6.4 na kuliita GTO. Kanuni za General Motors, kampuni mama ya Pontiac, zilikataza injini kubwa namna hiyo katika gari la kiasi kile, basi Pontiac ikaiuza kama nyongeza anayoichagua mteja. Yalinunuliwa magari 32,450 katika mwaka wa kwanza. Chrysler nayo ikaleta injini ya Hemi ya lita 7, kwanza kwa mashindano, kisha mwaka 1966 kwa mteja wa kawaida. Kilichoshinda uwanjani Jumapili kilitafutwa dukani siku iliyofuata, na injini za Hemi ndizo alizozitegemea Garlits kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya mbio.

Lakini gari la mashindano la wakati ule lilimweka dereva mahali pabaya mno. Alikaa nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, giaboksi karibu na miguu yake na injini inayochoma nitromethani mbele ya uso wake. Chochote kilichopasuka kilimwendea yeye: mafuta, moto, vipande vya chuma. Madereva walikufa, na wenzao wakaendelea kukaa palepale, kwa sababu magari yenye injini nyuma yaliyokuwa yamejaribiwa yaliyumba vibaya kwenye kasi.

Garlits alianza kuchora gari jipya akiwa bado kitandani hospitalini. Alipolijaribu, nalo likayumba. Ufumbuzi ulitoka kwa fundi wake, Connie Swingle: usukani ulikuwa mwepesi kupita kiasi. Wakaupunguzia wepesi ili mkono wa dereva usigeuze magurudumu kwa ghafla, na gari likatulia. Mapema mwaka 1971 Garlits alishinda nalo mashindano ya Pomona, na baada ya miaka michache injini za mbele zilikuwa zimetoweka katika daraja lake la mashindano. Shirley Muldowney, mwanamke wa kwanza kuwa bingwa wa daraja hilo, mwaka 1977, alishinda akiwa na injini nyuma ya mgongo wake. Idadi ya waliookolewa na mabadiliko yale haihesabiki, nami nayaweka juu ya kila kombe alilochukua Garlits.

Magari ya nguvu ya mitaani hayakudumu. Bima ilipanda, sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikabana moshi, na mwaka 1973 nchi za Kiarabu zikainyima Marekani mafuta. Garlits akayakusanya mabaki ya zama hizo katika jumba la makumbusho alilolifungua karibu na Ocala, Florida, mwaka 1984. Swamp Rat 30 ilipokewa na makumbusho ya Smithsonian mwaka 1987.

Yeye mwenyewe hakukubali kuwekwa makumbusho. Mwaka 2014, akiwa na miaka 82, aliingia katika Swamp Rat 37, gari linalotumia umeme mtupu, akalifikisha maili 184 kwa saa. Kisha akatangaza kuwa anazitaka 200.