Kochi: Bandari Iliyofunguliwa na Mafuriko

Mji wa Kochi upo katika jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba mwaka 1341 mafuriko ya mto Periyar yaliiziba kwa mchanga bandari ya kale ya Muziris, yakafungua mlango mpya wa bahari hapo Kochi. Biashara ya pilipili manga ikahamia huko, nao Waarabu, Wachina, Wayahudi na hatimaye Wazungu wakaifuata.

Wareno walijenga ngome yao ya kwanza nchini India katika mji huo mwaka 1503. Waholanzi wakawatoa mwaka 1663, kisha Waingereza wakaushika mji mwaka 1795. Katika Kanisa la Mtakatifu Fransisko lipo kaburi la Vasco da Gama, yuleyule aliyepata rubani Malindi mwaka 1498 wa kumwongoza hadi Calicut, kaskazini mwa Kochi. Alifariki Kochi mwaka 1524, na mabaki yake yakarudishwa Ureno mwaka 1539. Kaburi ni tupu, lakini wageni hawaishi kulipiga picha.

Mwenye muda mchache na aende kwanza Mattancherry, mtaa wa maghala ya viungo, ambako harufu ya tangawizi kavu na iliki humpokea mtu kabla hajaona duka. Hapo ndipo lilipo Sinagogi la Paradesi, lililojengwa mwaka 1568, na sakafu yake ya vigae vya buluu na nyeupe vilivyochorwa kwa mkono nchini China. Jengo limetunzwa vizuri mno. Waliopungua ni wenyewe. Baada ya kuundwa kwa taifa la Israel mwaka 1948, Wayahudi wengi wa Kochi walihamia huko. Sala ya jamaa huhitaji wanaume kumi, na idadi hiyo sasa haipatikani ila wapitapo Wayahudi wageni. Mtaa ungali unaitwa wa Wayahudi, ingawa wanaouza vitu vya kale madukani humo ni watu wengine.

Nyavu za Kichina zilizopo ufukweni zimo hatarini vilevile. Kila wavu huning'inia kwenye miti mirefu, ukashushwa na kuinuliwa na wavuvi kadhaa kwa kamba zilizofungwa mawe ya kusawazisha uzito. Samaki wamepungua na matengenezo ni ghali, hata baadhi ya wavuvi hutegemea zaidi bahashishi za watalii.

Msimu mzuri wa kuzuru ni Desemba hadi Februari, wakati wa kaskazi. Kuanzia Juni kusi huleta mvua nyingi. Kutoka Ernakulam, upande wa bara, boti za abiria huvuka hadi mji wa kale kwa nauli ndogo. Sinagogi hufungwa kwa wageni siku ya Jumamosi.