Mafuta ya Karafuu Yalijengwa na Makonyo

Kila panapojadiliwa zao la karafuu hatakosekana mtu wa kusema kwamba Zanzibar ilipoteza karne nzima kwa kusafirisha karafuu kavu, ilhali ingeweza kuzipika zote na kuuza mafuta. Kauli hiyo ina uchungu wa kweli ndani yake, wala siibezi. Lakini anayeifuatilia historia ya mafuta hayo ataona kwamba kiwanda chake hakikusimama juu ya karafuu yenyewe. Kilisimama juu ya makonyo, yaani vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, ambavyo hakuna jiko linalovitaka. Tusipolielewa hilo tutaendelea kuwadai wakulima na viwanda kitu ambacho hesabu yake haikubali.

Mkarafuu ni mti wa visiwa vya Maluku. Wafaransa waliupeleka Mauritius na Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukafika Unguja. Anayetajwa kuuleta ni Saleh bin Haramil, Mwarabu aliyepanda mikarafuu Mtoni na Kizimbani. Baadaye Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, aliyachukua mashamba yake na kuwashurutisha wenye ardhi wapande kwa wingi. Jasho lililoyakuza mashamba hayo lilikuwa la watumwa, na kila hesabu ya faida ya zao hili ianzie hapo. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu. Jambo linalotuhusu zaidi ni namna zinavyovunwa. Mchumaji hachumi karafuu moja moja, huvunja shada zima. Kisha watu hukaa jamvini kuchambua: shada hushikwa mkono mmoja, hubanwa kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zikadondoka upande huu na konyo likatupwa upande ule. Kwa hiyo kila msimu, kando ya karafuu zinazoanikwa juani, huwapo lundo la pili ambalo halikupandwa na mtu kwa makusudi.

Lundo hilo lina mafuta. Bonyeza karafuu bichi kwa ukucha na utayaona yakitoka, maana yamehifadhiwa katika vifuko vidogo chini ya ganda. Kwenye konyo yamo pia, ila ni haba. Karafuu kavu kilo 100 hutoa mafuta kama kilo 15 au zaidi kidogo. Makonyo ya uzito huohuo hutoa kilo 5 au 6, na majani kilo 2 au 3 tu. Mafuta hayo hayakamuliki kama ya ufuta. Sehemu yake kubwa ni yujenoli, ambayo peke yake huchemka kwenye nyuzijoto 254, moto ambao ungeyaunguza. Kinachookoa ni mvuke. Kwa kuwa mafuta na maji hayachanganyiki, yakipashwa moto pamoja huchemka chini kidogo ya nyuzi 100, na mvuke hutoka umebeba mafuta. Ukipitishwa kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi hugeuka kimiminika, kikatuama kwenye chombo cha kupokelea. Hapo karafuu huonyesha tabia yake ya pekee: mafuta ya mimea mingi huelea, lakini haya ni mazito kuliko maji, huzama. Mpishi wake huyachota chini, na maji ya juu huyarudisha kwenye pipa la kupikia, kwa sababu bado yamebakiwa na yujenoli kidogo ambayo si busara kuimwaga.

Wapo wanaosema pwani yetu haikupika mafuta ya karafuu zamani kwa sababu haikuwa na ujuzi. Sikubaliani nao. Ukenekaji, yaani upishi huo wa mvuke, ulijulikana katika nchi za Waislamu tangu enzi za al-Kindi, aliyeandika kitabu kizima juu ya manukato na ukenekaji katika karne ya 9. Kule Jabal Akhdar, Oman, maji ya waridi yamekuwa yakipikwa kwa vyungu vilivyofunikwa kwa bakuli la maji baridi, na marashi ya Kiarabu hayakuwa mageni kwenye mirashi ya Unguja, Mombasa na Lamu. Pwani ilikuwa pia na elimu yake ya mafuta ya nazi na ufuta. Nazi ilikunwa kwa mbuzi, tui likachujwa kwa kifumbu na kuchemshwa mpaka maji yakauke yabaki mafuta. Mjini Unguja ufuta ulisagwa kwenye vinu vilivyozungushwa na ngamia. Mafuta hayo ndiyo yaliyobeba harufu. Karafuu au asumini ikilowekwa ndani yake, harufu huhamia kwenye mafuta, na mwili hupakwa bila kuungua, ilhali mafuta ya karafuu yaliyokenekwa yakipakwa matupu huchoma ngozi. Kwenye singo ya bibi harusi karafuu husagwa na kuchanganywa na liwa na maua. Mahitaji ya nyumbani yalikidhiwa hivyo, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kuchoma kuni kutwa nzima ili kupata kitu kikali kuliko inavyohitajika. Mimi naliona hilo kuwa uamuzi wa watu waliojua wanachotaka.

Sababu ya kukeneka ilitoka mbali. Mwaka 1874 Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann walitengeneza vanilini, kiini cha harufu ya vanila, bila kutumia vanila, na muda si mrefu ikajulikana kwamba inaweza kupatikana kwa yujenoli. Ghafla makonyo yakawa na mnunuzi. Yalisafirishwa kwa meli kwenda kupikwa Ulaya na Marekani, na baadaye upishi ukahamia Unguja. Lakini soko hilo lilikuwa la mkemia, na mkemia hana uaminifu kwa mmea wowote. Miaka ya 1930 viwanda vya karatasi vya Marekani na Kanada viligundua kwamba maji machafu yanayobaki baada ya kupika mbao yanatoa vanilini kwa bei nafuu zaidi. Taka za msonobari zikazipiku taka za mkarafuu. Hayo yalitokea wakati wakulima wa Zanzibar wamezama kwenye madeni na bei imeanguka. Sheria za 1937 zilizokipa Chama cha Wakulima wa Karafuu mamlaka juu ya biashara hiyo zilizua mgomo wa wafanyabiashara wa Kihindi uliofika hadi India, usitulie mpaka yalipofikiwa makubaliano ya 1938. Katika mvutano wote ule kilichogombewa ni karafuu kavu. Makonyo hayakugombewa na mtu.

Sasa turudi kwa wanaotaka karafuu zote zikenekwe. Kwa kuwa kilo 100 hutoa mafuta kilo 15, kilo moja ya mafuta lazima iuzwe kwa karibu mara saba ya bei ya kilo ya karafuu kavu, na hapo kuni, maji na mishahara bado. Anayenunua mafuta ili apate yujenoli hatalipa bei hiyo, maana mafuta ya makonyo yana yujenoli nyingi kuliko ya karafuu zenyewe. Mara nyingi hupita asilimia 90. Daktari wa meno anayeichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino haulizi imetoka kwenye karafuu au kijitini. Mafuta ya karafuu yenyewe yana harufu laini zaidi, na watengenezaji wa manukato huyathamini, lakini wanunuzi hao ni wachache. Karafuu nzima ina soko lake: majiko ya dunia nzima, na kwa miongo mingi kreteki, sigara za karafuu za Indonesia. Ni kweli soko hilo lilitusaliti pale Indonesia ilipojitosheleza kwa mikarafuu yake na bei ikaporomoka katika miaka ya 1980. Nalikubali pigo hilo, ila halithibitishi kwamba mafuta yangetuokoa. Indonesia hupika mafuta pia, tena kwa wingi, na mengi hutokana na majani.

Majani ndiyo pingamizi gumu zaidi. Madagaska imejenga biashara kubwa ya mafuta ya majani ya mkarafuu, yanayopikwa na wakulima wenyewe kwa mitambo midogo vijijini. Kwa nini Pemba isifanye vivyo hivyo? Kwa sababu jani lina kazi mtini. Mkarafuu unaokatwa matawi kila mara huzaa karafuu chache, na Madagaska kuna mashamba ambayo yameacha karafuu kabisa yakabaki ya majani, huku mitambo ikila misitu kwa kuni. Konyo halimgharimu mkarafuu chochote. Lilikwisha vunjwa pamoja na shada. Kasoro yake ni kwamba huja kwa kipimo cha mavuno, na mkarafuu una miaka ya neema na miaka ya kupumzika. Ndiyo maana kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, kilicho chini ya shirika la biashara la serikali, hupika pia mchaichai, majani ya mdalasini na mikaratusi. Anayetaka mafuta zaidi Pemba aanzie hapo: mchaichai hupandwa leo na kukatwa baada ya miezi michache, na pipa linalopokea makonyo linaupokea vilevile.